Goti la Sajini

Kila asubuhi, kabla kengele ya kanisa haijalia, Koleta alikuwa amekwisha kufanya kazi tatu: kuchota debe la maji, kufagia uwanja na kumtandika Sajini. Kazi mbili za kwanza alizifanya kwa sababu mama yake, Apolinaria, alikuwa akimtazama. Ile ya tatu aliifanya kwa mapenzi.

Sajini alikuwa punda. Alikuwa mrefu kuliko punda wengi, mweupe wa kijivu, wa ule ukoo wa punda wa Maskati ambao zamani za misafara matajiri wa Tabora walipenda kuwapanda. Kazi yake ilikuwa kumbeba Hilari, baba yake Koleta, kutoka nyumbani kwao mtaa wa Chemchem, mjini Tabora, hadi kijiji cha Itundwe, maili tano kwenda na tano kurudi. Huko Hilari alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, katika zahanati yenye chumba kimoja na benchi mbili. Madresa wengine walikwenda kazini kwa baiskeli. Hilari hakuweza. Alikwenda vitani Burma akiwa na miguu miwili mizima, akarudi na mguu wa kulia usiokunjika gotini. Alirudi na cheo cha koplo vilevile, na alipompata punda huyu akampa jina la Sajini, ili, kama alivyopenda kusema, awe na mkubwa wa kumpigia saluti. Na kweli alimpigia saluti kila asubuhi, mbele ya majirani, bila kuona haya.

Mwaka huo wa 1953 Koleta alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku za likizo alifuatana na baba yake hadi zahanati, akakaa pembeni akikunja bendeji. Alijua kwamba kila mgonjwa aliyeketi kwenye benchi aliulizwa maswali matatu kabla hajaguswa: umeumia lini, umeumia wapi, umeumia na nini. Siku moja mtu mmoja alikuja na mguu uliovimba, akasema amechomwa na mwiba shambani. Hilari alimtazama uso, akaona umejaa alama za nyuki. Alikaa tu akisubiri, mpaka yule mtu akakohoa, akakiri kwamba alianguka kutoka kwenye mti wenye mzinga, na mzinga wenyewe haukuwa wake.

"Habari ya mzinga kamweleze mwenye mzinga," Hilari alimwambia. "Mimi nilitaka kujua umeanguka kutoka juu kiasi gani. Mguu wa mwiba na mguu wa kuanguka haifungwi namna moja."

Koleta aliicheka habari hiyo njia nzima.

Basi, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, Hilari alibaki mjini kwa shughuli za kuandikisha dawa. Akamtuma Koleta apeleke sanduku la bendeji Itundwe akimpanda Sajini. Alifuatana na Silasi, mtoto wa shangazi yake, mvulana wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa ameazimwa baiskeli ya baba yake na hivyo kujiona bwana mkubwa. Walikuwa mabinamu, na kwa Wanyamwezi mabinamu ni watani. Waliruhusiwa kuambiana lolote, nao hawakuiacha ruhusa hiyo ilale.

"Nendeni kwa barabara ya serikali na rudini kwa barabara ya serikali," Hilari aliwaagiza. "Na Sajini atembee. Asikimbizwe."

Agizo hilo lilikuwa na sababu, na kila mtoto wa Tabora aliijua. Barabara ya serikali ilikuwa imefyekwa miti pande zote mbili kwa ajili ya ndorobo, wale nzi wanaofyonza damu na kuacha ugonjwa: malale kwa watu, na ugonjwa unaomaliza ng'ombe, farasi na punda. Ndorobo hapendi mahali peupe. Karibu na mji kulikuwa na kizuizi, na hapo alikaa mlinzi mmoja jina lake Marko, mwenye wavu mdogo wa mpini, wa kunasia ndorobo. Kila mpita njia alisimama, Marko akamkagua mgongoni, akamkagua mnyama tumboni, akauliza swali lake la siku zote: "Mmepitia wapi?" Sajini alikuwa na cheti cha kupita hapo, na Marko alimjua kama anavyomjua ndugu yake.

Lakini kulikuwa na njia nyingine. Ilikuwa njia ya zamani ya wapagazi, ile waliyopita babu zetu na pembe mabegani kwenda pwani. Ilikatiza katikati ya pori la miombo, ikapunguza zaidi ya maili moja, ikatokea nyuma ya kizuizi karibu na reli. Wanyama walikatazwa kupita huko.

Walifikisha sanduku salama. Wakati wa kurudi, Silasi aliizungusha baiskeli mbele ya punda mara mbili, tatu.

"Punda wako amezeeka kuliko mjomba," alisema. "Tukishindana mpaka relini, nitafika, nitalala, nitaamka, na wewe bado unakuja."

"Baiskeli yako ikikutana na mchanga utaibeba kichwani," Koleta alimjibu.

"Basi tushindane. Atakayeshindwa ataitwa Mzigo wiki nzima. Hata kanisani."

Mnyamwezi kuitwa mpagazi ni sifa. Kuitwa mzigo, kitu kisichofika mahali mpaka kibebwe, ni jambo lingine kabisa, na Koleta alijua Silasi angelitangaza jina hilo shule nzima. Alimpanda Sajini. Silasi alipopotea kwenye kona, akikanyaga pedali kwa nguvu zote, Koleta aliitazama njia ya wapagazi, akamtazama punda, akageuza kamba.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda vizuri. Njia ilikuwa ngumu na safi, na Sajini, ambaye pengine alikuwa amechoka kutembea kiungwana miaka yote, alikubali kukimbia. Halafu ndorobo wakaja. Mmoja alimchoma Koleta shingoni, naye akampiga kofi. Wengine watatu walitua tumboni kwa Sajini, naye akaanza kutikisa ngozi na kupiga mkia. Koleta akamhimiza kwa visigino ili watoke porini upesi, na hapo ndipo mguu wa mbele wa Sajini ulipoingia katika shimo lililochimbwa na muhanga.

Koleta aliruka juu ya kichwa cha punda, akaangukia majani makavu. Alipoinuka alikuwa na michubuko ya viwiko tu. Sajini alikuwa amepiga magoti kwenye mawe. Alijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena. Aliposimama, ngozi ya goti la kushoto ilikuwa imefunguka, damu ikichuruzika hadi kwato, na hakutaka kuukanyagia mguu ule. Hakulia. Alimtazama Koleta tu, masikio yamelala nyuma, na Koleta akaona afadhali angelia.

Waliitoka njia ile polepole, hatua kwa hatua, ndorobo wakiwafuata mpaka ukingo wa pori. Silasi alikuwa amekaa relini akila karanga. Alipoona damu, karanga zilimwagika.

"Umepita njia ya wapagazi," alisema kwa sauti ndogo.

"Usimwambie mtu. Silasi, nakuomba. Nitasema ameteleza hapa relini." Koleta alikuwa akilia sasa. "Niite Mzigo mwaka mzima, lakini usimwambie Baba."

Silasi hakumwita Mzigo. Hakumwita jina lolote. Aliinuka, akaisukuma baiskeli yake kando ya punda hadi Chemchem.

Hilari alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa Sajini, akaweka fimbo chini, akainama kwa shida juu ya ule mguu wake mgumu, akalitazama goti. Kisha akauliza bila kugeuka, kama anavyomwuliza mtu yeyote kwenye benchi:

"Ameumia lini?"

"Sasa hivi, Baba. Saa tisa hivi."

"Na nini?"

"Ameanguka juu ya mawe. Nilikuwa nimempanda. Nilimkimbiza." Hilo lilimtoka kwa machozi, na lilikuwa kweli.

"Wapi?"

Koleta angeweza kusema kweli. Katika majibu matatu alikuwa amekwisha kutoa mawili ya kweli, na hili moja tu lilibaki. Lakini kupita njia ya wapagazi kulikuwa kumekatazwa na serikali, siyo na baba peke yake.

"Relini," alisema.

"Kwenye kokoto za reli," Hilari alisema polepole. "Zina mafuta machafu na kutu. Basi itabidi tuoshe sana."

Wakaosha. Hilari alimfundisha binti yake kazi yote, na Koleta aliifanya kwa mikono yake. Alichota maji ya baridi, akayamwagia goti lile taratibu kwa kikombe mara tatu kwa siku, mpaka uvimbe ukaanza kushuka. Aliosha kidonda kwa maji ya dawa ya zambarau. Alijifunza kuzungusha bendeji kwa umbo la nane, juu ya goti na chini ya goti, isikaze wala isilegee. Kwa kuwa nyasi za mwezi wa nane ni mabua matupu, alitembea kila jioni hadi kwenye bonde la mpunga kutafuta majani mabichi, akarudi na mzigo kichwani. Hakuna aliyelazimika kumkumbusha.

Lakini kulikuwa na mguu mwingine ambao hakuweza kuufunga. Hilari alikuwa na wagonjwa Itundwe, na wagonjwa hawakujua habari za punda. Alianza kwenda kwa miguu, akiondoka mapema sana na kurudi jua likizama, amechoka hata kuongea. Juma la pili alifika nyumbani kiganja chake kimetoka malengelenge kwa sababu ya fimbo.

"Leo nami ni mgonjwa wako," alimwambia Koleta akitabasamu, akanyoosha mkono. "Uliza maswali yako."

Koleta alichukua bendeji. Alitakiwa aulize lini, wapi na na nini, kama mchezo wao wa siku zote. Hakuweza. Aliufunga mkono ule ameinamisha kichwa, na baba yake akadhani ni huruma tu.

Baada ya majuma matatu goti lilikuwa limefunga. Sajini alizunguka uwanja mzima bila kuchechemea, na Apolinaria akatoka jikoni kumpigia vigelegele. Siku hiyo Koleta alilala kwa amani kwa mara ya kwanza. Alijiambia kwamba yamekwisha, kwamba goti limepona, na kwamba mahali lilipoumizwa hapana maana tena.

Juma lililofuata Sajini aliacha kula.

Kwanza aliacha nyasi, kisha akaacha hata pumba, ambazo siku zote alizifuata mpaka mlangoni. Macho yakawa yanatoa machozi. Akakonda, mbavu zikahesabika, na wakati huohuo chini ya tumbo akavimba. Miguu ya nyuma iliyumba alipotembea. Siku moja alikuwa na homa, kesho yake hana, keshokutwa imerudi. Hilari alilikagua goti asubuhi na jioni, akalibonyeza, akalinusa. Halikuwa na usaha wala joto. Alikuna kichwa.

Jirani yao, Mzee Luhende, alikuja kutazama. Alikuwa mfugaji aliyehamia kutoka Nzega, mwenye ng'ombe wanane ambao zizi lao lilipakana na banda la Sajini.

"Ubaya umejificha ndani ya mfupa," alisema. "Kwetu tungepasha chuma moto, tukamchoma hapa na hapa, ubaya ukatoka."

"Hapana, mzee wangu," Hilari alimjibu kwa heshima. "Ameteseka vya kutosha. Lakini la mfupa pengine umesema kweli. Zile kokoto za reli zilikuwa chafu. Sumu ilikwisha kuingia kabla mimi sijaosha."

Ijumaa alimwita Masolwa, msaidizi wa daktari wa mifugo. Masolwa alikuwa kijana mpole aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi vizuri, na alikuja mchana wa Jumamosi na mkoba mmoja na bunduki moja. Koleta, aliyekuwa ameshika kichwa cha Sajini, aliiona bunduki ile, akakikumbatia kichwa kile.

Masolwa alimtazama punda meno, macho, tumbo. Alitazama muda mrefu.

"Dresa," alisema, "kama nisingejua habari za goti hili, ningesema ni ugonjwa wa ndorobo. Amewahi kupita porini?"

"Kamwe. Ana cheti. Anapita barabara ya serikali tu, na Marko humkagua kila siku. Na tangu aumie hajatoka hapa uwanjani."

"Basi ni huo mfupa," Masolwa alisema. "Mfupa ukioza hatuna dawa. Atakonda mpaka alale, na akilala hataamka. Ni heri tumpumzishe leo."

Hilari alimsogelea Sajini, akasimama wima kadiri mguu wake ulivyomruhusu, akampigia saluti. Hakuna aliyecheka. Akageuka.

"Koleta, mwanangu, nenda ndani kwa mama yako."

Koleta hakwenda. Alishikilia kamba kwa mikono miwili, na sauti ikamtoka kabla hajaipanga.

"Hakuanguka relini."

Wote wakamtazama.

"Nilipita njia ya wapagazi, Baba. Tulishindana na Silasi. Ndorobo walikuwa wengi, walimuuma Sajini tumboni, nikamkimbiza ili tutoke, akaingia kwenye shimo. Siyo reli. Haikuwa reli tangu mwanzo."

Alifumba macho akisubiri. Alisubiri kofi, ingawa baba yake hakuwahi kumpiga, au alisubiri neno ambalo lingekuwa baya kuliko kofi. Alisikia fimbo ikigonga ardhi, ikija upesi. Kisha akahisi vidole vya baba yake shingoni, vikitafuta tezi zilizovimba chini ya masikio, nyuma ya shingo, huku na huku.

"Na wewe walikuuma?" Hilari aliuliza.

"Mmoja tu, Baba. Hapa."

"Una homa? Kichwa kinakuuma? Unasinzia darasani?"

"Hapana, Baba."

"Majuma manne," Hilari alisema, wala hakuwa anaongea na mtu. "Majuma manne nimekaa na mwanangu nyumba moja, nikatazama goti la punda."

Hapo ndipo Koleta alipolia kweli. Alikuwa amefikiri kosa lake lote liko kwenye mguu wa Sajini, na kwamba kwa kuuosha na kuufunga alikuwa analilipa kidogo kidogo. Hakuwahi kufikiri kwamba baba yake angeweza kuogopa kwa ajili yake.

Masolwa alikuwa amekwisha kuiegemeza bunduki ukutani. Alimchoma Sajini kidogo kwenye sikio, akapokea tone la damu juu ya kioo, akapanda baiskeli yake kwenda ofisini mjini. Saa mbili baadaye alirudi akinyonga kwa nguvu, na kabla hajashuka alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

"Wadudu wamo kwenye damu. Ni ugonjwa wa ndorobo. Goti halina shida yoyote, dresa, goti lilipona zamani. Dawa ya huu ugonjwa ipo, ni sindano. Amechelewa, siwezi kuahidi. Lakini mfupa uliooza ningeupiga risasi. Huyu nitampiga sindano."

Alimchoma sindano palepale, na Koleta alikishika kichwa cha Sajini mpaka mwisho. Kisha Hilari alimpeleka binti yake hospitali, akatobolewa kidole. Damu yake ilionekana safi, naye akaambiwa arudi baada ya majuma mawili ili itazamwe tena.

Walipokuwa wakirudi, Koleta alidhani mambo yamekwisha. Baba yake alisimama karibu na zizi la jirani.

"Bado mtu mmoja," alisema. "Ndorobo mmoja tu akijificha chini ya tumbo la punda, anaingia naye mpaka hapa. Na banda letu limepakana na ng'ombe wa nani?"

Koleta alipiga moyo konde, akasogea.

"Shikamoo, Mzee Luhende."

"Marahaba, mjukuu wangu. Punda anaendeleaje?"

Alimweleza yote. Mzee Luhende alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake, uliokuwa na tabasamu, ukakunjamana.

"Hawa ng'ombe wanane ndio mali yangu yote," alisema. "Nimekuja kwenu kila siku kumtazama punda, na wewe ulikuwa umesimama hapohapo. Kwa nini hukuniambia?"

Koleta aliomba radhi, na mzee hakusema amesamehe. Kwa siku mbili zilizofuata Masolwa alipima damu ya ng'ombe mmoja mmoja, na ni Koleta aliyeshika kamba zao na kuwachotea maji. Silasi alikuja kusaidia bila kuitwa. Alimkabili mjomba wake, akakiri kwamba naye alijua akanyamaza, halafu akachukua ndoo. Ng'ombe wote wanane walionekana wazima. Mzee Luhende aliposikia hivyo alikaa juu ya gogo kwa muda. Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando, akampa Koleta.

Jioni hiyo Hilari alimwita binti yake bandani. Sajini alikuwa amesimama, bado mwembamba, lakini midomo yake ilikuwa na pumba.

"Keti," Hilari alisema. "Sitakuadhibu. Umefanya kazi ya watu wawili kwa punda huyu, na umefunga goti vizuri kuliko wasaidizi wengi niliowaona jeshini. Lakini nataka uelewe kitu. Mimi nimefundishwa kutibu vidonda. Sikufundishwa kutambua uongo wa mwanangu. Uliponiambia relini, niliamini, nikatibu uchafu wa reli, nikauogopa uchafu wa reli, na mwishowe nilikubali Sajini auawe kwa sababu ya reli ambayo hakuigusa. Bendeji zako zote hazikuweza kumsaidia, kwa kuwa dawa niliipeleka pale uliponielekeza wewe. Kukosea utakosea tena, wewe ni mtu. Ukikosea, njoo uniambie mahali penyewe, hata kama pana aibu. Pale ndipo tutaanzia kutibu."

"Ndiyo, Baba," Koleta alisema.

Damu ya Koleta ilitazamwa tena, ikaonekana safi. Kupona kwa Sajini kulichukua miezi miwili na sindano nyingine moja. Kwanza Sajini alitembezwa uwanjani, halafu hadi mtaa wa Gongoni na kurudi, halafu akabeba tandiko tupu. Mvua za kwanza zilipoanza, nyasi zikachipua, naye akanenepa. Kwenye goti la kushoto lilibaki kovu refu lisilo na manyoya. Asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini Hilari alilitazama kovu lile, akasimama wima.

"Amepata utepe mwingine wa cheo," alisema. "Sasa sijui nimwiteje." Akapiga saluti.

Koleta alifuatana nao siku hiyo, kwa kuwa ilikuwa likizo. Walikwenda polepole kwa barabara ya serikali, na jioni wakarudi kwa barabara ileile. Kwenye kizuizi Marko alitoka na wavu wake. Alikuwa amekwisha kusikia kila kitu, maana Koleta alikuja mwenyewe kumweleza majuma mengi nyuma. Alimkagua Hilari mgongoni, akainama akamtazama Sajini tumboni, akamgeukia msichana.

"Mmepitia wapi?"

"Tumetoka zahanati ya Itundwe saa kumi," Koleta alisema. "Tumepita barabara ya serikali. Kwenye daraja Sajini alisimama kunywa maji, nikamwacha anywe. Pale penye kichuguu kikubwa alitoka barabarani hatua nne kufuata nyasi. Hatua zenyewe nimezihesabu, na nyasi ziko upande uliofyekwa. Mimi nilikwenda nyuma ya kichaka mara moja, kichaka kidogo, nikarudi. Hakuna aliyeumwa na kitu."

Marko alimtazama Hilari. Hilari alikuwa anatazama mbinguni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Miaka saba nipo hapa," Marko alisema, "nawauliza swali hili watu mia kwa siku, na leo ndiyo mara ya kwanza nimejibiwa."

Akainua mti wa kizuizi. Koleta alishika kamba, na Sajini akapita akitembea, miguu yote minne ikikanyaga sawasawa, kuelekea nyumbani.